Timazi Iliyovutwa na Kilima

Kambini, 9 Februari

Kwa hiyo jibu ni ndiyo, kaka: mume wangu anakula ninachopika, na juzi aliomba kuongezewa. Ulitangaza siku ya harusi, mbele ya wakwe, kwamba atanirudisha kabla ya wiki kwisha akiwa amekonda kama uzi. Mtu wako ananenepa! Nitakuletea mkanda wake uone tundu jipya.

Shikamoo, kaka. Mama vipi na miguu yake? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyomwachia si akiba ya kuficha mtungini. Ni ya kupaka. Wifi yangu namsalimu kwa mikono miwili. Kitoto chenu kishike kile kidole gumba kinachonyonywa mchana kutwa, ukiambie shangazi anakiulizia. Na Mchoma Mkaa, kaka yake wifi, mwambie sijasahau alivyocheza kwenye harusi yangu mpaka akaangusha meza ya wazee.

Mimi? Ee kaka, nina raha mpaka naona haya. Tunaishi kwenye hema lenye kiraka, na mali yetu ni sanduku la nguo na sanduku la darubini, ambalo yeye hulifunika kwa blanketi letu zuri kwa sababu eti vioo vinaona baridi. Mimi na darubini tunagombea blanketi! Asubuhi ananiletea maji ya kunawa kabla sijafumbua macho. Ninyi wanaume wa nyumbani mna la kujifunza.

Sasa nikueleze kazi yake, maana ulisema mpima ni mtu wa kamba tu. Wakubwa wa serikali mbili walikaa chumbani, wakaweka rula juu ya ramani, wakapiga mstari wa kufuata latitudo, ile mistari ya kulala tuliyochorewa kwenye jiografia. Wakapeana mikono, wakaenda kula. Lakini ardhini hakuna mstari, kuna vichaka na watu. Mume wangu ndiye anayeutafuta. Giza likiingia anangoja nyota fulani ipite juu ya utosi, anaitazama kwa darubini, na kwa pale ilipopita anajua amesimama wapi duniani. Na ili ajue utosi hasa uko wapi, anategemea timazi, ile risasi inayoning'inia kwenye uzi, ile ile unayonyooshea kuta za visima wewe. Nilipoiona nilicheka, nikamwambia hata kaka yangu anayo.

Sikia ajabu sasa. Karibu na kilima, timazi haining'inii wima kamili. Kilima kinaivuta kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini nyota inaona. Kaka, nilipoambiwa hivyo nilimshika mkono nikamwambia, basi na mimi ni timazi.

Upande wa pili wa kilima, kaskazini, iko kambi ya serikali ile nyingine, na mpima wao mzee. Kila mmoja anapima peke yake. Kilima kinaivuta timazi ya kila mmoja kwa upande wake, kwa hiyo alama zao hazikutani, na kila nchi inajikuta imepata ardhi zaidi. Basi wana kanuni: wanapima nafasi iliyopo kati ya alama mbili, wanaigawa nusu kwa nusu, na hapo katikati wanachomeka nguzo ya mbao. Mwisho wakubwa wanakuja kutia saini, na ya mbao inang'olewa inawekwa ya zege. Saini ikishatiwa, hata nyota ishuke yenyewe kulalamika, mpaka haurudi.

Na kilima chenyewe, kaka, ni kile chetu. Chenye kisima cha baba.

Usiniandikie kwa hasira. Kuna mambo ya kazi hii hata mimi siyapendi. Nyuma ya wapimaji wanakuja askari na vibarua wa kufyeka mkuza, ile njia pana ya mpaka isiyobakizwa mti wala paa la nyumba. Jumatatu nilisikia mwanamke anapiga mayowe, kisha akanyamaza ghafla. Mume wangu aliniziba masikio kwa viganja vyake. Viganja vyake vina joto, kaka, huwezi kuamini.

Ni mimi, mdogo wako mwenye furaha,
Chiriku

*

Nyumbani, 2 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua yako ilikaa kituoni kwanza. Askari waliifungua, wakaibandika tena kwa uji. Nadhani walifurahia habari za blanketi.

Mama hajambo, dawa bado iko mtungini. Mtoto ameota jino, na wa kwanza kuumwa ni mimi. Wifi yako anakusalimu. Anasema mwanamume anayeleta maji ya kunawa asubuhi ana jambo anaficha. Mimi simo. Sururu ya baba, ile uliyoifunga mpini kwa waya wa shaba ulipokuwa mtoto, bado ninafanyia kazi. Waya haujalegea.

Mkuza umefika. Walianzia kwa mama mkwe wangu. Sajini alimwambia atoe vitu. Akatoa kiti kimoja, akakiweka mlangoni, akakikalia. Wakampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Aliokota meno yake mwenyewe, akayafunga kwenye pindo la nguo kama mtu anayehifadhi chenji. Kisha wakawasha paa. Mbuzi alikuwa amefungwa ndani. Mchoma Mkaa alipokwenda kukata kamba walimkamata wakamvunja mkono wa kushoto, taratibu, juu ya jiwe, mmoja akimshikilia na mwingine akikanyaga. Mbuzi tulimsikia muda mrefu.

Nakuuliza jambo moja. Mstari unapita wapi kwenye kisima? Unajua habari zake. Baba yetu na baba yake Mchoma Mkaa walikichimba pamoja, mmoja chini na mwingine juu, kwa zamu. Siku udongo ulipoporomoka, aliyekuwa chini ni yule. Baba alimfukua kwa mikono mpaka kucha zikamtoka, akamtoa amekufa. Kwa hiyo kisima hiki hakina mwenyewe, kina wenyewe.

Muulize mumeo. Hilo tu. Viganja vyake usiniandikie tena.

Kaka yako

*

Kambini, 20 Machi

Kaka, keti kwanza. Umeketi? Kisima ni chetu!

Shikamoo. Nimeruka salamu kwa furaha, nisamehe. Mama mkwe wako mpe pole yangu. Nililia sana, mume wangu akalazimika kuniachia blanketi lote. Mchoma Mkaa mkono unaunga? Mwambie wifi kwamba ndiyo, mume wangu alikuwa na jambo anaficha, na ndilo hili!

Nilimsomea barua yako yote. Akatoa karatasi zake, akanionyesha. Alama yake iko kaskazini ya kisima, ya yule mpima mzee iko kusini, na katikati kabisa ni mdomoni mwa kisima. Kanuni yao inasema kisima kikiangukia mstarini ni cha pande zote mbili, na nguzo zinakaa mbali, moja huku na moja kule, watu wachote. Mimi nikasema, kisima cha baba yangu kichunguliwe na askari wa nchi mbili? Nikasema kingekuwa chetu ningelala usingizi. Nilisema tu, kaka, kama mke anavyosema.

Siku ya kupima pamoja ikafika, wakaenda yeye na Mshika Mnyororo wake, yule mtu mcheshi anayevuta mnyororo wa kupimia na kuniita "Mama Mpima" kana kwamba nina wajukuu. Jioni Mshika Mnyororo akatangulia kurudi, anacheza, mnyororo shingoni kama shada la maua. "Mama Mpima, chinja kuku! Bwana amekusogezea nchi!"

Nikadhani ni utani wake. Mume wangu akaingia, akaketi kitandani, akanishika uso. Kaka, aliisogeza alama yake hatua chache zaidi kaskazini kabla mpima mzee hajafika. Ya kati nayo ikasogea. Sasa nguzo iko ng'ambo ya kisima, kwenye lile jiwe tulilokuwa tukianikia nguo. "Harusini sikukupa kitu cha maana," akaniambia. "Timazi yangu imevutwa, na kilima chenyewe ni wewe."

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Nani mwingine duniani mumewe amemsogezea nchi?

Wataweka askari wa kulinda, kwa hiyo hamtasumbuliwa. Wakwe zako watakuwa wageni, lakini wageni wa heshima, wataomba na kuchota. Nijibu haraka. Nataka kukusikia ukifurahi, hata kama hujazoea.

Chiriku wako

*

Nyumbani, 17 Aprili

Chiriku,

Mama anakusalimu. Mvua ilianza, ikaacha.

Umenieleza zawadi ilivyofungwa. Nami nikueleze ilivyofunguliwa.

Mchoma Mkaa alikuja asubuhi na ndoo mbili kwenye mti begani, mkono mmoja ukiwa kwenye tanzi la kitambaa. Askari kijana akamwambia simama, huku ni nchi nyingine. Akajibu, "Kijana, baba yangu alifia humo ndani. Wako alifia wapi, nikamchotee na yeye?" Watu tukacheka. Hata yule kijana alicheka, akashusha bunduki. Mchoma Mkaa akachota. Alikuwa amegeuka kurudi kwao sajini alipotokea nyuma, akapiga.

Risasi iliingia mgongoni, ikatokea tumboni. Hakuanguka. Alichuchumaa, akaziweka ndoo chini kwa uangalifu zisimwagike, kisha ndipo akalala. Alilala kwenye nguzo yenu, miguu kwao, kichwa kwetu. Nilipomkimbilia nilipigwa kitako cha bunduki shingoni nikashikiliwa chini, uso wangu na wake vikitazamana. Askari wa kwao nao wakaja. Wakasimama wanabishana maiti hii iandikwe ya nchi gani. Alikuwa bado anapumua, Chiriku. Aliwasikiliza. Mwisho alinitazama akasema, "Waambie miguu ni yao," akacheka, na damu ikamtoka puani.

Alikufa mchana. Ndoo zile mbili askari waliziogea.

Mwambie mumeo airudishe nguzo mahali pake. Saini bado. Kwa nyota au kwa miguu, anajua mwenyewe. Na mwambie asije huku.

Kaka yako

*

Kambini, 3 Mei

Shikamoo, kaka. Sijapata barua yako tangu Machi. Wanasema njia imefungwa. Mama hajambo? Wifi? Mchoma Mkaa mkono umeunga?

Sisi tumevamiwa. Ilikuwa alfajiri, watu walishuka kutoka kilimani na mapanga na mawe. Walikata kamba za hema, likatuangukia, tukawa tunapigwa kama nafaka guniani. Mume wangu alinilalia juu. Alipoinua turubai apate hewa, jiwe likampata jicho la kulia. Daktari alikuja jioni. Taa nilishika mimi wakati analitoa. Hakulia, alinitajia majina ya nyota, moja moja, mpaka kazi ikaisha. Na bado ni mzuri, kaka. Nilimwambia jicho moja linamtosha kuniona, akasema basi nisikae upande wa kulia.

Mshika Mnyororo ameuawa. Alikuwa anakimbia na mnyororo wake, hakutaka kuuacha, ukamnasa miguuni akaanguka. Alichimbwa mgongoni kama ardhi. Tulipomgeuza mdomo wake ulikuwa umejaa udongo. Nilimwosha uso mimi, kwa maji yangu ya kunawa.

Sururu iliyomuua ililetwa na askari mezani petu, wakauliza nani anaitambua. Niliitazama sana. Sikuitambua, kaka.

Andika. Hata mistari miwili.

Chiriku

*

Nyumbani, 15 Mei

Chiriku,

Marahaba. Pole ya jicho. Nasikia kambini mlipata hasara. Huyo Mshika Mnyororo mimi simjui.

Uliniulizia Mchoma Mkaa. Barua yangu ya Aprili ikifika utajua la kuuliza.

Wifi yako hayupo hapa. Alivuka kwenda kumzika kaka yake, mtoto mgongoni. Alipotaka kurudi akaambiwa yeye ni mtu wa huko. Amezaa huku, amelala huku miaka yote, lakini yeye ni wa huko. Kila siku anakuja kusimama ukingoni mwa mkuza, nami nasimama kisimani. Anasema kitu, upepo unakichukua. Juzi alimwinua mtoto juu ili nimwone. Askari akapiga risasi karibu na miguu yake, vumbi likawafunika, nikadhani nimebaki peke yangu duniani. Vumbi likatua, wamesimama vile vile. Mtoto alikuwa ananitazama kama anavyotazama mti.

Maji yananuka. Kuna kilichotupwa kisimani, mbwa au mtu. Sijashuka kusafisha. Sururu yangu imepotea.

Tumetangaziwa kwamba wakubwa wanakuja kutia saini mwisho wa mwezi. Tumeambiwa tufagie.

Mumeo asije. Nawe usije naye. Hapa kuna watu wasiojua kuchagua nani apigwe.

Kaka yako

*

Kambini, 21 Mei

Shikamoo, kaka.

Barua zako mbili zimefika siku moja, ya Mei nikaifungua kwanza. Sikuelewa, ndipo nikafungua ya Aprili. Nilisoma kwa sauti mpaka pale alipoziweka ndoo chini zisimwagike. Hapo mume wangu akaichukua barua akamalizia mwenyewe, ameishikia karibu na jicho lake.

Alicheza kwenye harusi yangu. Nami niliandika kwamba ataomba na kuchota.

Mume wangu akasema ataandika ripoti kwamba kilima kiliivuta timazi kuliko alivyokadiria. Kaka, huo ndio ugomvi wetu wa kwanza. Nilivunja kikombe, na vikombe vyetu ni viwili. Nilimwambia kilima kile kimekaa mahali pake tangu dunia iumbwe, hakijamwomba mtu chochote. Mimi ndiye niliyeomba na yeye ndiye aliyetoa. Sasa kilima kinaingiaje? Aliokota vipande vya kikombe, kimoja kimoja. Kisha akasema, "Lete kalamu. Wewe andika, mimi niseme."

Tukamwandikia mpima mzee wa kaskazini yote kama yalivyo. Jibu lake lililetwa na mtu wa punda jana. Anasema: "Nilijua. Alama ile haikuwa na mkono wako. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mimi pia nina mke, nilitaka kwenda kwake. Njoo tupime upya kabla ya saini, nami nitasimama nawe." Saini za wapimaji wote wawili zikiwepo, wakubwa hawana ujanja, hawajui nyota, wanajua kalamu tu.

Baada ya hapo kazi ataipoteza. Huenda akafungwa. Amesema nikitaka nirudi kwa mama, atanielewa. Nikamwambia arudie maneno hayo avunjiwe na kikombe cha pili.

Jicho lililobaki halioni mbali, kwa hiyo anayetazama sasa ni mimi. Kila anga linapokuwa safi tunafanya mazoezi. Mimi nalala chali chini ya darubini, nyota inakuja polepole kama bibi harusi, inagusa uzi mwembamba uliovutwa ndani ya kioo, napiga kelele "Sasa!" na yeye anaandika. Usiku wa kwanza niliita mapema kwa papara, akanicheka. Sasa siiti mapema. Bado ananiletea maji ya kunawa, kaka. Nusu yanamwagika njiani, ananiletea hiyo nusu.

Sasa ile uliyosema imepotea. Sururu iliyoletwa mezani kwetu ina waya wa shaba kwenye mpini, na mizunguko yake ninaijua kwa vidole, hata nikiwa usingizini. Sijamwambia mtu. Mume wangu sijamwambia, ingawa nadhani anajua, maana hajaniuliza, naye ni mtu wa kuuliza kila kitu. Mshika Mnyororo alikuwa na mke na watoto, na nchi aliyoisogeza aliisogeza akicheza, kwa ajili yangu. Jiwe nalo sikuulizi lilitoka mkononi mwa nani. Nakuamkia kwa sababu wewe ni kaka yangu. Usidhani nimeshasamehe. Na wewe usinisamehe haraka.

Nilimwomba sajini anipe sururu hiyo, nikamwambia tunahitaji ya kuchimbia mashimo. Akasema chuma ni chuma, chukua. Damu imekauka kwenye waya. Sijaiosha. Utaiosha wewe, kwa mkono wako, kisha utashuka nayo kisimani utoe kilichomo, na ukimaliza utachimba mashimo mawili ya nguzo, mbali na kisima, moja huku na moja kule. Mume wangu atasimama juu ya shimo ameshika timazi, nawe utakuwa ndani. Mtatazamana. Hapo ndipo nitakapojua kama bado nina ndugu na mume, au nina mmoja, au sina.

Wifi nimempelekea habari kwa mkono wa yule mtu wa punda: siku atakapoona darubini imesimamishwa kisimani, aje na ndoo na mtoto.

Unasema nisije naye. Kaka, sanduku nimeshalifunga. Tutapita mkuzani mchana kweupe, mimi mbele, yeye nyuma yangu ameshika bega langu, kwa sababu upande wa kulia haoni jiwe likija. Atakayemtaka yeye atanipata mimi kwanza. Ufagie au usifagie, tutafika kabla ya mwezi huu kwisha.

Mdogo wako,
Chiriku